Mbio za Kuchangia Afya: Mama Ajitayarishe Vipi Wakati wa Kipupwe?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa kisiwani Mombasa. Wiki hii hatutazungumza juu ya chanjo wala kuhara. Tutazungumza juu ya mama anayetaka kukimbia.

Mwezi wa Juni, mama mmoja wa Mji wa Kale alileta mtoto wake wa miezi 5 kliniki kupimwa uzani. Alipomaliza hakuondoka.

“Sista,” akaniambia, “nataka kukimbia.”

“Kukimbia nini tena, mamangu?” nikamwuliza.

Akacheka, kisha akanieleza. Dadake alifariki kwa kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Aliposikia kuna mbio za kuchangisha pesa za kusaidia wajawazito, alijiandikisha nusu marathoni, yaani kilomita 21. Mbio zilikuwa zimebaki miezi mitatu. Majirani walikuwa wamekwisha kumwahidi michango yao. Na yeye tangu shuleni hajapata kukimbia, ila kukimbilia matatu.

Alikuwa ameanza mazoezi siku 9 zilizopita. Kila akikimbia kidogo moyo unamwenda mbio na kizunguzungu kinamshika. Alidhani ni uvivu wa mwili, kwamba utazoea. Nikamtazama viganja na ndani ya kope za chini. Vilikuwa vimepauka. Nikampeleka maabara. Damu yake ilikuwa 8.4, na mwanamke asiye na mimba hutakiwa asipungue 12.

Akina mama, hapo ndipo somo letu linapoanza. Nia njema haipimi damu.

JE, MTU WA KAWAIDA ANAWEZA?

Anaweza. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2014, wakati Bi. Margaret Kenyatta, mke wa rais wa wakati huo, alipoanzisha kampeni ya Beyond Zero ili kupunguza vifo vya akina mama na watoto. Hakuwa mwanariadha. Alifanya mazoezi, akakimbia nusu marathoni jijini Nairobi mwezi wa Machi. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo akamaliza marathoni kamili ya London, kilomita 42 na mita 195. Alikuwa ametimiza miaka 50 siku chache tu kabla. Alichukua zaidi ya saa 7. Washindi hutumia saa 2 na dakika chache, lakini hakuna aliyemcheka. Michango ya kampeni ile ilinunua kliniki za magari zilizopelekwa katika kaunti.

Kwa hivyo katika mbio za kuchangia, kasi si kitu. Kitu ni kufika salama.

KIPUPWE KISITUDANGANYE

Wakimbiaji wa Ulaya wanaojitayarishia mbio za Aprili hufanya mazoezi katika baridi kali na theluji. Sisi baridi yetu ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusi zinapovuma. Ni wakati mzuri wa kuanza mazoezi, kwa sababu jua la kaskazi la Januari hadi Machi ni kali mno kwa anayeanza.

Lakini hata katika kipupwe hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Mwili hupoa jasho linapokauka. Hewa ikiwa na unyevu, jasho hutiririka tu bila kukauka, na joto hubaki ndani. Mwaka 2007, tarehe 24 Machi, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika papa hapa kisiwani, katika uwanja wa gofu karibu na bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyezoea kushinda mbio hizo, alishindwa na joto akatoka kabla ya kumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Ikiwa joto la Mombasa lilimtoa bingwa wa dunia, mimi na wewe tusilifanyie ushujaa.

Toka mapema, kukishapambazuka, au jioni jua likipunga. Usitoke gizani peke yako. Tafuta mwenzio. Njia ya Mama Ngina kando ya bahari ni nzuri, ina upepo na watu wengi. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, vina mawe na tuktuk, na mvua ikinyesha huteleza. Humo tembea tu.

Kama unavaa buibui, chagua jepesi, fupi kidogo juu ya kifundo, na ndani vaa nguo za pamba. Viatu ndivyo vya kutumia pesa: raba zinazokutosha, zenye nafasi mbele ya vidole. Champali hazifai.

MPANGO WA MAZOEZI

1. Fanya mazoezi siku 3 kwa wiki, na kila siku ya mazoezi ifuatwe na siku ya kupumzika. Mwili hujengeka unapopumzika.

2. Wiki 2 za kwanza, tembea haraka haraka dakika 30.

3. Wiki ya 3, anza kuchanganya: kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2, urudie mara 8 hadi 10. Ukizoea, ongeza muda wa kukimbia kidogo kidogo.

4. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukiweza kuzungumza na mwenzio, uko sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

5. Siku moja kwa wiki iwe ya mwendo mrefu, wala usiongeze urefu ghafla. Maumivu ya misuli ya siku moja mbili ni kawaida. Maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa, yanayozidi kila ukikimbia, yanataka kupumzika na kuonyeshwa daktari.

6. Ukiwa na homa, kikohozi cha kifuani au kuhara, usikimbie. Homa ipimwe malaria kwanza. Mwenye pumu azungumze na daktari kabla ya kuanza, na awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni.

MAMA ALIYEJIFUNGUA NA ANAYENYONYESHA

Baada ya kujifungua anza kwa kutembea. Kliniki ya wiki 6 usiikose. Kukimbia kusubiri angalau miezi 3, na aliyefanyiwa upasuaji huenda akahitaji muda zaidi. Ukiona mkojo unakutoka ukikimbia, au unahisi kitu kizito kinashuka sehemu za chini, au damu inaanza tena, acha, njoo kliniki. Usione haya. Tunayaona kila siku.

Wengi huniuliza: je, maziwa ya mama aliyekimbia huharibika? Hayaharibiki. Hakuna haja ya kuyakamua na kuyamwaga. Mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka ili matiti yasiwe mazito, vaa sidiria inayoshika vizuri, na ukirudi jifute jasho kisha umnyonyeshe. Lakini usikimbie huku unajinyima chakula ili upungue. Mwenye kunyonyesha anakula kwa wawili.

CHAKULA NA DAMU

Yule mama alikuwa akitoka na kikombe cha chai ya rangi tu. Kabla ya mazoezi kula kitu chepesi, kama ndizi au kikombe cha uji. Ukirudi, mbaazi kwa mahamri ni chakula kizuri. Ili kuongeza damu kula maini, nyama, samaki, dagaa, maharagwe, kunde na mboga za majani. Kamulia ndimu au kula chungwa, kwani husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai na kahawa ziache kwa saa 1 baada ya chakula, kwa sababu huyazuia madini hayo.

MAJI

Kunywa ukiona kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa mweusi mweusi, ongeza. Lakini katika mwendo wa saa nyingi usijilazimishe kunywa maji matupu kupita kiasi. Chumvi ya damu hushuka, mtu akaumwa kichwa, akatapika, akachanganyikiwa, na huweza kufa. Hatari hii huwapata hasa wanaokwenda polepole na kunywa kila kituo. Madafu ni mazuri, ila yana chumvi kidogo, basi kula na kitu chenye chumvi.

DALILI ZA HATARI

Simama mara moja ukihisi kifua kinabana, pumzi hairudi hata ukitulia, kizunguzungu, kichefuchefu, au baridi mwilini ilhali kuna jua.

Ukimwona mwenzio anayumba, anasema maneno yasiyoeleweka au ameanguka, joto limempanda kichwani. Mpelekeni kivulini. Mpunguzieni nguo. Akina mama mzungukeni kwa leso ili asitirike. Mmwagieni maji mwili mzima na mumpepee, huku mtu mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali. Msisubiri gari ndipo mmwagie maji. Asiye na fahamu asitiwe kitu mdomoni.

YULE MAMA JE?

Nilimwambia kwamba kilomita 21 hazitawezekana mwaka huu. Alilia. “Sista, watu washanipa ahadi zao. Watasemaje?” Nikamwambia, “Dadangu, mdogo wako alifariki kwa kupoteza damu. Wewe unataka kumkumbuka kwa kukimbia bila damu?” Akanyamaza.

Alipewa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo, na akabadilisha jina lake kwenda mbio za kilomita 10. Wiki 4 alitembea tu, na mamake akashika mtoto. Kipimo kiliporudiwa damu ilikuwa imepanda, ndipo akaanza kukimbia dakika moja moja. Mwezi wa Septemba, kabla ya mbio, ilikuwa 11.7. Alimaliza kilomita 10, nyingi kwa miguu ya kutembea, na mumewe akimsubiri mwishoni na mtoto begani. Majirani walilipa ahadi zote. Hakuna aliyeuliza alikuwa wa ngapi.

Basi, mpenzi msikilizaji, tukumbuke haya manne: pima damu kabla ya kuanza, anza kwa kutembea, kula kabla ya kutoka, na usilishindanie joto. Haraka haraka haina baraka. Ukiwa na swali, zungumza na muuguzi wa kliniki iliyo karibu nawe.

Tukutane wiki ijayo, inshallah. Kaeni salama.