Bastola Rahisi na Bastola Ghali

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Je, msemo huu wafaa pia kwa bastola?

Huko California, Marekani, palikuwa na viwanda vilivyouza bastola kwa bei ndogo mno. Siri yao ilikuwa zinki: madini haya huyeyuka upesi yakamiminwa kalibuni, ilhali feleji huchongwa kwa mashine na kwa gharama. Bastola moja ya aina hiyo, ya kiwanda cha Bryco, ilimlazimu mtu aondoe kwanza kizuizi cha usalama ndipo aweze kuitoa risasi iliyomo. Mwaka 1994 mtu alikuwa akijaribu kuitoa. Ikafyatuka, ikampiga mtoto wa miaka 7, akapooza. Mwaka 2003 jopo la mahakama likaona kiwanda nacho kina lawama, nacho kikafilisika.

Hata hivyo, msomaji usihukumu kwa bei peke yake, wala kwa uzito wa chuma. Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichagua Glock, bastola yenye kiwiliwili cha plastiki. Wapo walioibeza, leo hubebwa na askari wa nchi nyingi.

Kipimo cha haki ni kile cha sheria iliyopitishwa California mwaka 1999: bastola ifyatuliwe mara 600, isikwame zaidi ya mara 6, tena iangushwe chini, nayo isilie. Sheria hiyo haiulizi bei.

Bei huulizwa dukani. Uimara huulizwa penye kipimo. Na silaha isipopimwa mapema, anayelipa huenda akawa mtoto asiyenunua kitu.