Himoglobini Isiyotaka Kuachia Mzigo

Wanangu, kisa hiki ni cha kweli. Huko Baltimore, Marekani, madaktari wa Johns Hopkins walipima damu ya mzee mmoja mwenye maumivu ya kifua. Walipitisha umeme ili protini zake zijitenge, wakaona himoglobini ya aina mbili: moja ya kawaida, nyingine ngeni.

Samuel Charache, David Weatherall na John Clegg hawakuishia kwa mzee. Walifuata ukoo wake, na hapo ndipo siri ilipojitokeza: wenye himoglobini ile ngeni walikuwa na chembe nyekundu nyingi kupita kiasi. Mwaka 1966 wakaieleza dunia. Himoglobini hiyo iliitwa Chesapeake, jina la ghuba ya huko.

Himoglobini ni hamali wa oksijeni. Huipakia mapafuni, huishusha kwenye misuli na ubongo. Chesapeake hupakia vizuri, ila ikifika haitaki kuachia mzigo. Figo zikihisi upungufu, hutoa homoni ya kuuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi. Yote hayo kwa sababu ya asidi amino moja iliyobadilika, ya 92 kwenye mnyororo wa alfa! Selimundu, tunayoijua sana kwetu, nayo hutokana na badiliko moja tu, ingawa ni mahali pengine na madhara yake ni mengine.

Basi daktari atajuaje chanzo cha chembe nyekundu kuzidi? Kwanza huuliza habari za sigara, mapafu na moyo. Huangalia pia jeni iitwayo JAK2, maana badiliko lake huonekana kwa karibu wagonjwa wote wa saratani ya damu inayozidisha chembe nyekundu. Asipoona kitu, hupima ni kwa shinikizo gani nusu ya himoglobini huwa imeshika oksijeni. Kwa kawaida ni karibu milimita 26 za zebaki. Kwa himoglobini ng'ang'anizi hushuka. Kipimo hiki nakithamini sana, kwa kuwa aina nyingine ngeni umeme hauzitofautishi kabisa. Mwisho husomwa jeni za himoglobini zenyewe.

Haraka hapa ni hatari. Mtu wa namna hii akitolewa damu ovyo, anaweza kupunguziwa oksijeni anayoihitaji. Kwa hiyo mkiambiwa damu yenu ni nyingi, mwelezeni daktari kama baba, mama, shangazi au mjomba naye aliwahi kuambiwa hivyo.