Bakteria Hupeana Usugu

Umekwisha kujifunza kwamba bakteria ni viumbe vidogo sana, wasioonekana kwa macho matupu. Baadhi yao huishi matumboni mwa watu na wanyama bila kuleta madhara. Wengine, kama Salmonella, huingia mwilini pamoja na chakula na kusababisha homa na kuhara. Mgonjwa akizidiwa, daktari humpa dawa ya antibiotiki ili kuwaua.

Hata hivyo, wako bakteria wasiokufa kwa dawa. Hao huitwa bakteria sugu. Je, usugu wao hutoka wapi?

Ndani ya kila bakteria mna jeni, yaani maelekezo yanayoongoza kazi zake zote. Jeni nyingine zimo katika kipande kidogo chenye umbo la pete, kiitwacho plazmidi. Bakteria wawili wakigusana, mmoja aweza kumpitishia mwenzake nakala ya plazmidi hiyo. Aliyetoa hapungukiwi na kitu. Ni kama mwanafunzi anayemwazima mwenzake daftari ili anakili: mwishowe wote wawili wanalo somo lile lile. La ajabu zaidi ni kwamba si lazima wawe wa aina moja. Bakteria asiye na madhara aweza kumpa usugu yule aletaye ugonjwa, humo humo tumboni.

Hebu tutazame yaliyotokea China. Huko wafugaji walikuwa wakichanganya dawa iitwayo kolistini katika chakula cha nguruwe. Nguruwe hao hawakuwa wagonjwa. Walipewa dawa ili wanenepe upesi. Kumbe hospitalini kolistini ni dawa ya akiba, hutumiwa nyingine zinaposhindwa! Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kuwa wameona jeni ya usugu wa kolistini ndani ya plazmidi. Waliikuta katika bakteria wa nguruwe, katika nyama ya nguruwe na ya kuku, na kwa wagonjwa hospitalini. Mwaka 2017 serikali ilikataza kunenepesha mifugo kwa dawa hiyo. Baada ya hapo bakteria hao sugu walipungua, kwa nguruwe na kwa watu pia.

Fahamu kwamba usugu kwa dawa si usugu kwa moto. Nyama ikiiva mpaka ndani, bakteria sugu hufa sawasawa na wengine. Lakini kisu kilichokata nyama mbichi kikikata kachumbari kabla ya kuoshwa, bakteria huliwa wakiwa hai.

Maswali
1. Kwa nini bakteria anayetoa plazmidi hapotezi usugu wake?
2. Bakteria wa nguruwe huwezaje kumfikia mtu asiyefuga nguruwe?