Kizuri Chajiuza, Lakini Ni Kizuri kwa Nani?

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli. Lakini mara nyingi mwenye kutengeneza kitu ndiye asemaye kuwa ni kizuri, na mnunuzi hakuulizwa. Wakulima wengi wa skimu wanaanza biashara ndogo ndogo: kutengeneza mtindi, kukausha mboga, kufungasha asali. Wengine huweka rehani hati ya shamba ili wapate mkopo wa mashine, kabla hawajauza hata chupa moja. Kitu kisiponunuliwa, shamba lenyewe huwa hatarini.

Yafaa basi tujifunze kwa jambo tunalolitumia kila siku, yaani M-Pesa. Mwezi wa Oktoba 2005 kampuni za Vodafone na Safaricom, pamoja na shirika la mikopo la Faulu, zilianza kuijaribu Nairobi na Thika. Kusudi lilikuwa kuwasaidia wakopaji kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Wateja wa majaribio hawakufika 500.

Waliosimamia kazi hiyo, miongoni mwao Nick Hughes na Susie Lonie, walitaka kujua watu wanaitumiaje. Yakaonekana mambo ambayo hayakuwa katika mpango. Msafiri aliweka fedha kwa wakala kabla ya kuondoka, akazitoa alikofika, asije akaibiwa njiani. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Kumbe haja kubwa ya watu ilikuwa kupeleka fedha kutoka mahali hadi mahali kwa salama.

Basi mpango ukabadilishwa. Shauri la mikopo likawekwa kando, na Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa watu wote kwa neno moja fupi: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha, wateja walikuwa wamepita milioni 1.

Mkulima anayetaka kuuza mtindi na afanye vivyo hivyo.

Kwanza, aulize habari za leseni na usafi katika Bodi ya Maziwa, kisha aanze na kidogo. Lita 10 zatosha kujaribu. Mashine ingoje.

Pili, auze kwa bei ile ile atakayoitoza baadaye. Jirani akipewa bure atasifu, kwa maana hiyo ni adabu. Mtu akitoa shilingi zake mwenyewe, hapo ndipo utajua kama anakitaka.

Tatu, atazame ni nani amerudi, na kwa nini. Wanunuzi wakinywa papo hapo dukani, wanataka kikombe, wala si pakiti ya lita nzima. Mama mwenye hoteli akichukua lita 5, huenda haja yake ni kuletewa kila asubuhi kwa saa ile ile. Huyo umuulize, kisha usimchelewee.

Nne, abadilishe mapema, fedha zingali mkononi. Asione haya kuacha shauri lake la kwanza. Wenye M-Pesa waliliacha lao.

Andika katika daftari kila ulichouza, kwa nani, na kwa bei gani. Baada ya mwezi mmoja ulichukue daftari hilo kwa afisa wa kilimo wa wadi yako, mlisome pamoja kabla hujatia sahihi karatasi yo yote ya mkopo.