Kuhara damu: mdudu anayezidi kuzizoea dawa

Wadau, mtu wa mtaani akianza kuhara damu, safari ya kwanza ni duka la dawa: "Nipe Flagyl." Hajapima wala nini. Flagyl inaua amiba, sawa. Lakini kuhara damu kunakolipuka na kukumba mtaa mzima mara nyingi ni kazi ya bakteria anayeitwa Shigela, na huyo Flagyl haimfanyi kitu.

Jina limetokana na Mjapani Kiyoshi Shiga, aliyemgundua mwaka 1897 wakati kwao kuna mlipuko mkubwa. Wako wa makundi manne. Yule wa Shiga mwenyewe, anayeitwa dysenteriae aina ya 1, ndiye noma kuliko wote, maana sumu yake inaweza kuharibu mpaka figo.

Sasa cheki hesabu hii. Kipindupindu kwa kawaida kinahitaji vijidudu wengi mno ndio uugue, tunaongelea mamilioni. Shigela 10 mpaka 100 tu wanatosha! Yaani hata maji ya kisima yakiwa safi, mkono uliotoka chooni bila sabuni ukakumegea chapati, umekwisha. Nzi naye anasaidia kusambaza.

Na kisa chake si cha mbali. Mwaka 1979 aina hiyo ya 1 ililipuka kaskazini mashariki mwa Zaire (sasa DRC), ikashuka Rwanda na Burundi, na mwanzoni mwa miaka ya 80 ikaingia Tanzania. Ampisilini na tetrasaiklini zikadunda. Madaktari wakategemea Septrin, nayo ikadunda. Ikaletwa asidi ya nalidiksiki, mdudu akaizoea pia.

Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda kati ya laki 5 na laki 8 wakamiminika Goma. Ardhi ya kule ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni kazi, hata kaburi. Kipindupindu kikatangulia, kuhara damu kukafuatia. Mwezi wa kwanza tu walikufa karibu watu 50,000. Na mdudu wa safari hii alishazizoea dawa karibu zote za kawaida, nalidiksiki ikiwemo.

Msidhani ni mambo ya kambini tu. Mwaka 2023 CDC ya Marekani ilitoa tahadhari: Shigela sugu kwa dawa zote zinazopendekezwa, ambao mwaka 2015 hawakuwepo kabisa, mwaka 2022 walifikia asilimia 5 ya maambukizi yake kule.

Kwa hiyo ukiona damu, nenda hospitali, choo kipimwe, na anza ORS mapema. Zile dawa za kufunga tumbo msiwape watoto, zinamfungia mdudu ndani.

Wadau wa Ngara na Kigoma mliopokea wakimbizi 1994, huko kwenu hali ilikuwaje? Tiririkeni hapo chini.