Walipanda wawili, wakashuka wawili

Msomaji, ni mke gani angeiachilia sifa ya ulimwengu kwa ajili ya mumewe? Mwaka wa 2009, Nives Meroi wa Italia alikuwa amekwisha kupanda vilele 11 kati ya 14 vinavyozidi mita 8,000, akiwania kuwa mwanamke wa kwanza kuvimaliza. Kwenye theluji ya Kangchenjunga, mumewe Romano Benet akaishiwa nguvu. Akamwambia aendelee peke yake. Nives akakataa, wakashuka.

Kumbe ni ugonjwa wa damu! Romano alipandikizwa uboho mara mbili. Sifa ile ikaenda kwa mwingine.

Mwaka wa 2014 waliurudia mlima ule ule, wakafika kileleni. Mei 2017, majira ya kuchipua huko Nepal, walisimama pamoja juu ya Annapurna, kilele chao cha 14. Hewa ya mitungi hawakuitumia hata mara moja.