Mbao za tropiki: Kwa nini kura za Togo ni sawa na za Congo

JAMHURI ya Kidemokrasia ya Congo imejaliwa msitu wa tropiki ambao ni wa Brazil pekee unaoushinda kwa ukubwa. Togo ni nchi ndogo inayoweza kuingia mara kadhaa ndani ya msitu huo. Hata hivyo, mataifa haya yanapoketi katika Baraza la Kimataifa la Mbao za Tropiki, kila moja huwa na idadi sawa ya kura.

Baraza hilo huongoza shirika la ITTO, lenye makao yake mjini Yokohama, Japan. Shirika lilitokana na mkataba ulioafikiwa Geneva mwaka wa 1983, kisha ukaandikwa upya 1994 na 2006. Wanachama ni wa makundi mawili, wazalishaji na wanunuzi, na kila kundi lina kura 1,000.

Za wazalishaji ndizo zenye utata. Kura 400 hugawiwa sawa kwa sawa Afrika, Asia na Pasifiki, na Amerika ya Latini; 300 hufuata ukubwa wa misitu; 300 zilizosalia hufuata thamani ya mbao zinazouzwa nje. Yaani, anayeuza zaidi hupata sauti zaidi. Wapo wanaoona huku ni kumkabidhi fisi zizi la mbuzi. Nadhani wanazidisha ukali, kwani huu ni mkataba wa biashara tangu mwanzo, na ada nayo hulipwa kwa kadiri ya kura. Afrika pekee ndiyo hukusanya kura zake zote katika kapu moja na kuzigawa sawa.

Je, misitu imefaidika? Uchunguzi wa mwaka wa 1988 ulipata kwamba iliyotunzwa ili iendelee kutoa mbao haikufika hekta milioni moja. Wanachama wakajiwekea lengo kwamba kufikia 2000, mbao zote za kuuzwa nje zitoke katika misitu iliyotunzwa. Halikutimia. Ripoti ya 2005 ilitaja hekta milioni 36, chini ya asilimia 5 ya misitu iliyotengwa kudumu. Ile ya 2011, milioni 53.

Mkataba huu hauna adhabu, na kwa kawaida maamuzi hufikiwa kwa maafikiano. Shinikizo kali zaidi limetoka kwa wanunuzi: tangu 2013 Umoja wa Ulaya umeharamisha kuingiza sokoni mwake mbao zilizokatwa kinyume cha sheria. Kenya ilipositisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, wafanyabiashara waligeukia mbao za mataifa jirani, ikiwemo Congo.